Hakuna Aliyemuuliza Dorkas

Kijiwe chetu cha Mwankoko kiko ubavuni mwa mashine ya kukamua alizeti. Jumatatu ile Gervas, tunayemwita Mashudu, yale makapi ya alizeti, kwa kuwa kazi yake ni pale mashineni, alifika na simu mkononi, kahawa hakuitaka. Dada yake Dorkas, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa amelazwa Dar kwa saratani ya damu. Daktari alikuwa amepiga: dawa zimegoma. Gervas aamue: dada apewe dozi nyingine kali, au arudi nyumbani.

— Asirudi! — alidakia Marko, Redio wa kijiwe. — Nimesikia kwenye taarifa, siku hizi kinga ya mwili inakuzwa maabara. Wanachukua seli shina, zile changa zisizojua bado zitakuwa nini, wanazilea mpaka ziwe askari. Ukiwekewa, zinaivaa saratani.

— Zinalelewaje? — mmoja wetu aliuliza.

— Kama miche ya vitunguu kitaluni.

— Aisee, mwakani zitauzwa duka la dawa — alisema Philipo, tunayemwita Profesa. — Unajidunga mwenyewe. Ukimwi kwisha. Uzee kwisha.

— Bado wanajaribu — Gervas alisema taratibu. — Nilimuuliza daktari. Huku kwetu hazipo.

— Basi avumilie dozi mpaka zifike! — alisema Marko.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa Theresia, mama kutoka Unyambwa aliyeleta alizeti yake, akisubiri mafuta.

— Samahani, kaka zangu. Huyo Dorkas mwenyewe anasemaje?

Profesa akainamia kikombe. Wiki tatu Gervas alikuwa akiongea na daktari, na sisi, na ukoo mzima.

— Sijamuuliza — alisema.

Akasogea pembeni, akapiga.

— Shikamoo dada... Hapana, si daktari aliyenituma. Nakuuliza wewe.

Akasikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa kukubali kana kwamba dada anamwona.

Dorkas alishuka kwenye basi Ijumaa, kajifunika khanga mbili na joto lote lile. Alikaa nasi siku kumi na tisa. Asubuhi ya mwisho aliomba uji wa uwele, akanywa vijiko viwili, akamwambia Gervas aende kazini, asichelewe. Gervas akaenda, hakuwahi kumkatalia. Walipokuja kumwita, mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi aambiwe mara mbili.