Des Penfold na Boti Isiyotakiwa Kuguswa

Desmond Arthur Penfold, ambaye sote tulimwita Des, alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 hapa Wairoro, pwani ya mashariki ya New Zealand. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Keith na Noeline Penfold. Mimi, Glenys, ni mdogo wake wa pekee.

Alisoma shule ya msingi ya hapahapa, kisha sekondari huko Gisborne, ambako alipenda mashine kuliko vitabu. Mwaka 1978 alianza kujifunza ufundi bomba, kazi aliyoifanya hadi kustaafu. Jumamosi zake za kiangazi alizitoa kwa klabu yetu ya waokoaji, kwenye boti ya mpira yenye injini.

Kwa Des, kila ajali ya boti iliripotiwa, hata ukucha uliong'oka. Vijana walimtania, "Mzee, leo nimejikuna, utaripoti?" Naye alijibu, "Kama umejikunia kwenye boti, ndiyo." Mwaka 1986 alimtoa msichana majini, akamripoti kama mtu aliyeokolewa. "Sikuwa nazama, we mwanamume," msichana akamwambia. "Nilikuwa naogelea." Walifunga ndoa Machi 1988. Wifi yangu Raewyn hakubali hadi leo kwamba aliokolewa.

Kuhusu kifo chake sitapamba. Tarehe 15 Februari mwaka huu, katika mazoezi ya mashindano, boti ilirushwa na wimbi ikatua kwa kishindo. Mguu wa Des, uliokuwa umechomekwa kwenye mkanda wa sakafuni, ukavunjika. Damu iliganda, ikaenda kuziba mapafu, akafariki hospitalini Gisborne tarehe 22. Klabu ilituambia aliteleza kwenye ngazi. Lakini mwenyewe alinieleza akiwa kitandani, "Mkanda umelegea tangu Krismasi. Niliwaambia, wakasema tungoje mashindano yapite. Wasiuguse, Glenys." Boti ikiripotiwa kuwa imeumiza mtu, haishindani mpaka ikaguliwe. Hilo klabu nzima inalijua.

Siku mbili baada ya msiba, nahodha wa klabu, Craig Mulvaney, alikuja kwangu na keki. Miaka yote hajawahi kutuletea hata biskuti.

"Pole sana, dada. Tunataka boti ndiyo ipeleke majivu yake baharini. Tutaipiga rangi, tuandike jina lake, tubadilishe na ile mikanda."

"Mikanda ya nini?"

"Aa, ipendeze tu, dada."

Keki niliipokea. Imani sikuwa nayo, na sina mpaka sasa. Nilimwambia maua juu ya boti yanatosha, kingine wasiguse.

Des ameacha mke, Raewyn, binti, Kirsty, wajukuu wawili, Toby na Maia, na mimi.

Boti iko nje mchangani na maua yake. Mkanda wa zamani bado umo, nimeuangalia kabla ya kuingia humu ukumbini. Yule bwana aliyesimama kando yake ni mkaguzi wa usalama, nilimpigia simu jana. Boti haitoki hapo mpaka aikague, kwa hiyo majivu ya kaka yangu yatakwenda kwa miguu, Raewyn na mimi tukiwa mbele, mpaka maji yatufike kiunoni. Craig, usiondoke. Mkaguzi ataongea na wewe baada ya chai.

Ajali yako imeripotiwa, kaka. Sasa pumzika kwa amani.