Bi Koma Anatuachia Kalamu Nyekundu

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, msahihishaji wetu mkuu anastaafu baada ya kuitumikia idara ya uchapaji kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Nilitaka kuandika thelathini na mitatu ili ipendeze, lakini mwenyewe alinikanya kabla sijaanza.

Jina lake mnalijua, ila wengi hamjawahi kulitumia. Sote tunamwita Bi Koma, na lawama ni zangu. Siku yangu ya kwanza hapa, nikiwa mpiga chapa mgeni, alinisomea sala ya asubuhi kwa sauti niichape pamoja na alama zake zote. Wengine husema mkato. Yeye husema koma. Basi kila aliposema koma, nilikoma. Niliondoa vidole kwenye mashine nikakaa kimya, nikidhani nimemuudhi. Alipoitamka mara ya nne nilianza kukusanya vitu vyangu nirudi nyumbani.

Kalenda yetu ya ibada, ile ya kuchana karatasi moja kila siku, imepita mikononi mwake miaka yote hiyo. Wala hakuishia kwenye karatasi. Katika ibada ya wafanyakazi ya saa mbili kasorobo, dereva wetu alipomaliza kuomba, Bi Koma alimsogelea taratibu na kumweleza kwamba ametumia "tunakushukuru" mara kumi na moja, na kwamba sentensi yake ya tatu haikuwa na kitenzi. Dereva akaanza kuomba kwa maneno manne tu, asimpe mtu pa kushika. Bi Koma mwenyewe aliomba kwa kusoma kwenye karatasi, sala iliyonyooka kama rula. Mungu hakuachiwa cha kurekebisha.

Halafu, miaka tisa iliyopita, karatasi ya tarehe 4 Machi ikatoka na kichwa hiki: "Omba bila koma." Ilitakiwa iwe "bila kukoma". Aliyechapa ni mimi; vidole vyangu vilikuwa vimeshalizoea neno lile jingine. Lakini aliyeipitisha, kwa saini na kwa wino mwekundu, ni yeye, na kalenda zote zilikuwa zimeshasambazwa. Kiongozi mmoja wa kwaya alituandikia kwamba amejaribu kuomba hivyo mbele ya waumini, akaishiwa pumzi kabla hajafika kwa wagonjwa.

Bi Koma hakucheka. Aliandika barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi anasema barua hiyo ilikuwa na kosa la tahajia kwenye mstari wa pili, na hapo ndipo alipojua kuwa mama wa watu ameumia kweli. Akaifungia kwenye droo na kusema hajaipokea.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya mjane mmoja. Tangu amzike mumewe alikuwa hajaomba, kwa sababu kila alipoanza aliona maneno yake hayakai sawa. Aliposoma karatasi yetu alijifungia jikoni akayamwaga yote kwa mkupuo mmoja, hasira na kila kitu, na usiku ule akapata usingizi. Alitusihi tusiirekebishe karatasi hiyo. Bi Koma aliisoma barua kwa sauti kwenye ibada. Ilikuwa na makosa kumi na manne, niliyahesabu baadaye, na hakusahihisha hata moja.

Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitegemea. Siku ya kusoma prufu, ile nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa, alipofika kwenye kichwa kile, kilimchoma. Kwa miaka mingi alikuwa akiyasoma maneno ya Mungu kutafuta makosa tu, na alikuwa hajaomba neno lolote lililotoka moyoni. Akakiruka haraka ili asijione. Nilimhurumia sana, na nikajionea huruma mwenyewe, maana mimi nilikuwa nimeyachapa maneno hayohayo bila hata kuchomwa.

Akafumba macho, akaomba bila karatasi. Ilikuwa sentensi moja tu. Birika lilikauka jikoni kabla haijaisha. Dereva alifuta machozi, halafu akamsogelea taratibu na kumweleza kwamba hakusikia kitenzi hata kimoja.

Tangu siku hiyo huja nusu saa kabla ya wote, huiweka kalamu yake nyekundu mezani kwangu, kisha huingia ofisini kwake na karatasi ya siku na kufunga mlango. Kuna siku hutoka anaimba, kuna siku hutoka na macho mekundu, na kuna siku, anakiri mwenyewe, hutoka amesinzia. Lakini kesho yake huingia tena. Mimi nami nimeanza, kwanza kwa aibu ya kukaa tu nikiilinda kalamu ya mtu, sasa kwa sababu siwezi kuanza siku vinginevyo.

Jana asubuhi aliiweka mezani kwangu kama kawaida na alipotoka hakuichukua. Aya hii haina mkato hata mmoja na hakuna atakayenisahihisha. Asante Bi Koma kwa kila kosa ulilotuondolea na kwa lile moja uliloliacha. Tunakuombea afya njema na mume mwenye subira na wajukuu wasioogopa kukuandikia barua. Kazi umeimaliza na pumziko ni haki yako. Ila huko unakoingia kila asubuhi na kufunga mlango usikome.