Sharbati ya Yumna

Nagwa: Haloo? Ni nani?

Dawlat: Ni nani tena! Mama yako. Namba yangu umeifuta?

Nagwa: Asalaam aleikum, Mama. Hospitali hapa ni makelele matupu. Saumu vipi?

Dawlat: Joto tu, alhamdulillahi. Majibu ya vipimo vya mjukuu wangu yametoka?

Nagwa: Yametoka. Yumna yuko karibu nawe?

Dawlat: Yuko jikoni anakata bamia, anaimba tangu asubuhi. Huyu haumwi! Presha ni yetu sisi wazee. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aitoe wapi—

Nagwa: Mama, moyo wake umenenepa.

Dawlat: Umefanyaje? Simu inakwaruza.

Nagwa: Ukuta wa moyo! Umekuwa mnene kwa kusukuma damu kwa nguvu. Na figo nazo zimeanza kuharibika.

Dawlat: Ya Latif! Mbona anacheka, anacheza...

Nagwa: Ndiyo presha hiyo. Inamla ndani kwa ndani, na mwenyewe hana habari. Vidonge vya asubuhi anameza?

Dawlat: Na saumu atamezaje?

Nagwa: Mama! Si tuliambiwa asifunge?

Dawlat: Kaning'ang'ania! Wenzake wote wamefunga, yeye tu ndiye ale? Nikamwonea huruma. Lakini namtunza, wallahi. Ikiadhiniwa tu magharibi, nampa—

Nagwa: Unampa nini?

Dawlat: Sharbati. Ile nyeusi ya mzizi mtamu, irqisusi. Birika zima, arudishe nguvu.

Nagwa: Kila siku?

Dawlat: Wewe mwenyewe nimekulea nayo!

Nagwa: Inapandisha presha, Mama! Leo daktari kaniuliza kama anainywa. Nikamwapia: mama yangu ampe mgonjwa wa presha? Haiwezekani.

Dawlat: Sikujua, mwanangu.

Nagwa: Mwambie afungue saumu sasa hivi, ameze kidonge. Mimi nakuja.

Dawlat: Yumna! Roho yangu, njoo na maji! ...Siyo ya kwenye birika! Hilo limwage. Ya bomba! ...Nagwa.

Nagwa: Naam, Mama.

Dawlat: Huo moyo... nimeuharibu mimi?

Nagwa: Daktari anasema ulianza zamani.

Dawlat: Daktari sikumuuliza. Nakuuliza wewe.

Nagwa: Mama, salio linakwisha, tutaongea nikifika—

Dawlat: Nagwa. Simu nimepiga mimi.