Taa Isiyosumbua

Gari lilikuwa limetoka Kitale kuelekea Bungoma. Nakhumicha alikuwa ameketi mbele, kando ya dereva, na nyuma yake wanaume wawili wasiojuana walibishana kana kwamba wanahutubia mkutano.

"Pikapu yangu iliwaka ile taa nyekundu ya oili," alisema mkulima wa Endebess. "Fundi akafungua injini kwa chini, akapata chujio la oili limezibwa na uchafu mweusi kama lami. Alishinda akiliosha mpaka jioni."

"Mpaka jioni ya nini, bana?" akacheka jirani yake, fundi wa Kachibora. "Mimi natoa tu balbu ya hiyo taa. Mteja anaenda nyumbani na roho safi."

"Na injini ikikosa oili, si itakufa?"

"Hakuna mtu amewahi kurudi kulalamika."

Hilo Nakhumicha aliliamini. Mteja angerudi na gari gani?

Dereva akageuza shingo, uso umechanua. "Kumbe ni wewe, fundi Wakoli! Tangu ushike hii gari yangu Jumanne, hiyo taa haijanisumbua tena!"

Nakhumicha akakaza mkanda. Hata Kiminini walikuwa hawajafika, na Wakoli alikuwa amelipa nauli ya Bungoma.

"Dere," Wakoli akasema kwa upole, "nishukishe hapa tu."