Supu Iliyoganda Kama Gundi

Akina mama, mniwie radhi nikishikilia kiti. Nasimama, hilo ndilo neno. Mwaka juzi kuna siku nilibebwa kwenda choo.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kuchunguza. Ukinipa chai, naangalia kwanza kama wewe umeinywa.

Tangu Uhuru niliuza mboga mtaa wa Gatwekera, gunia mgongoni kila siku, mpaka magoti yakakataa kukunjika. Mwanangu, ambaye ni seremala, akanileta kwake hapa Kawangware. Siku moja nikamsikia akimwambia mkewe, "Mama asipopata nafuu kufikia Krismasi, nitampeleka nyumbani." Nyumbani kuna nani? Mzee alishakufa, nyumba imeanguka. Ndugu zangu, nawaambia, hapo nilianza kutafuta adui, na nikamwona mke wa mwanangu.

Kila jioni aliniletea bakuli. "Kunywa, Mama, ni supu ya magoti." Ya magoti! Udaktari alisomea wapi? Mguu wa ng'ombe unachemka tangu asubuhi, na yeye mwenyewe haonji. Jumamosi moja nikaificha chini ya kitanda. Kulipokucha nikafunua bakuli: imeganda! Inatikisika, inanata vidoleni. Nikaijua. Mwanangu huchemsha gundi ya mbao kwa mkebe, na ikipoa huwa hivyo hivyo.

Nikajikokota uani, watu wakijitayarisha kwenda kanisa. "Njooni muone ninachopikiwa! Anataka matumbo yangu yashikane!"

Jirani mmoja akacheka. "Shosho, nyanya yetu, basi niletee hiyo gundi, kiti changu mguu umetoka."

Mke wa mwanangu hakulia. Alisema tu, "Mama, kesho nenda kwa bucha wewe mwenyewe. Chagua mguu, pika mwenyewe. Mimi sitagusa hata maji."

Nikaenda na fimbo. Nikakaa kando ya jiko mchana kutwa, nikafunika sufuria na kuweka jiwe juu. Asubuhi: imeganda kuliko yake.

Nikamwita mwanangu. "Mama, gundi yangu hutengenezwa kwa mifupa na ngozi. Huo ute unaonata umo ndani ya mfupa, hakuna aliyeutia."

"Na mbona mkeo hainywi?"

"Mguu ni mmoja, Mama. Hautoshi watu wawili."

Nikavuta bakuli.

Nikainywa miezi mingi, na magoti yakaanza kukunjika polepole. Sisemi ni supu peke yake. Nesi wa zahanati alinipa vidonge, akanikataza gunia, akaniambia nitembee kidogo kila siku. Ule ute unafika gotini, au unaishia tumboni? Sijui. Nani ameingia ndani ya goti langu akaona? Kwa hivyo mtu asimwage dawa zake akasema ni mimi nimemwambia.

Namshukuru nesi, maana nilimhoji mpaka akachoka. Nawashukuru nyinyi mlionitekea maji. Ukishuku sufuria ya mwenzako, pika yako kwanza, ndipo utoke uani kupiga kelele.

Na wewe uliyekaa pale dirishani, jina silitaji. Nilikushtaki mbele ya plot nzima, wapangaji wote, halafu msamaha nikakuomba jikoni, tukiwa wawili, kwa sauti ndogo. Hiyo haikuwa haki. Leo nakuomba mbele ya watu. Simama, mwanangu, wakuone.