Wafumaji Kumi na Wanne wa Usta Gharib

Karakana ya ufumaji ya Usta Gharib, yaani Fundi Gharib, pale Mahalla nchini Misri, ilikuwa inafungwa, na habari ilifika kwenye benchi la kinyozi Hilmi, aliyeitwa Redio, kabla kahawa haijamiminwa. Wizara ilikuwa imepima viwanda vyote nchini: mali yote iliyotoka, gawanya kwa idadi ya wafanyakazi. Wafumaji wakashika mkia. Gharib aliikunja barua mara nne, na bado ilimchoma mfukoni, maana mikono yake ilijua kazi hiyo moja tu. Mwisho wa benchi alikaa Zakaria, mfumaji mwenzake, akikohoa. Vumbi la pamba lilikuwa limemla mapafu.

— Msinune, alisema Shawqi wa kiwanda cha saruji. Mimi mmoja ni sawa na nyinyi kumi. Imeandikwa!

— Wewe si unabonyeza kitufe tu? Gharib alimjibu. Tanuri likizimika utalipuliza kwa mdomo?

— Kitufe changu kinajaza malori arobaini, Usta.

— Basi bingwa ni mlinzi wa bomba la gesi, Redio alidakia, wembe hewani. Akipiga miayo tu, tani imepita!

— Na wewe kinyozi? Shawqi aliuliza.

— Mimi nikinyoa kipara, taifa zima linapata hasara.

Walicheka, isipokuwa Gharib. Hapo akafika dada mmoja mwenye faili, wa ofisi ya takwimu.

— Salaam alaykum. Usta Gharib? Kabla sijatia saini ya kufunga karakana, nina swali dogo. Vitambaa vyenu nimeviona, ni vizuri na ni vingi. Hao watu kumi na wanne, wanaosimama kwenye mitambo kila siku ni wangapi?

Redio akashusha wembe. Wote pale walijua: tisa. Watano, Zakaria akiwa mmoja wao, walikuwa wagonjwa, na kwa miaka mitatu wenzao waliwafumia sehemu zao na kuwagongea kadi za mahudhurio, ili mshahara ufike nyumbani. Gharib akisema tisa, mali itagawanywa kwa watu wachache na karakana itapona, lakini wale watano watafukuzwa kazi kama wezi. Akisema kumi na wanne, karakana itafungwa, na kila mwenye kadi atapata kiinua mgongo.

Zakaria akajikaza.

— Binti yangu, mimi...

Gharib akamshika goti kumzuia.

— Kumi na wanne, alisema. Huyu yuko zamu ya jioni.

Yule dada alimtazama Zakaria, aliyekuwa akihangaika kuvuta pumzi, kisha akamtazama Gharib kwa muda mrefu. Akaandika kumi na wanne, akatia saini.