Punda Aliyebaki Mtoni

Benchi la Aluoch ni ubao mmoja uliolazwa juu ya vipande viwili vya mataruma kuukuu ya reli, pale Laini Saba, Kibera, ambapo njia ya miguu inavuka reli kuelekea Kambi Muru. Jumapili baada ya kanisa, viatu vikiwa bado vinang'aa, watu wale wale hukaa mahali pale pale, kila mmoja akijua ubao unabonyea wapi chini yake, na Aluoch huwamiminia kahawa chungu kutoka kwenye birika linalotokota juu ya makaa. Okeyo, fundi viatu, hukaa mwanzo. Wanamwita Jaji, maana hajawahi kusikia kesi ya mtu akakosa kuikatia hukumu. Katikati hukaa Kihara, muuza vioo vya simu, aliyezaliwa Kawangware akahamia Kibera kwa kumfuata mwanamke aliyekuwa amemkataa mara kadhaa, na ambaye sasa ni mkewe. Yeye wanamwita Kawa, kwa ajili ya kwao. Mwisho wa benchi, karibu na kibanda chake cha useremala, hukaa Tonny, yaani Msumari. Jumapili hiyo, mlangoni pa kibanda kulikuwa na kabati jipya, vanishi yake bado inanuka, na Tonny alikuwa akilitazama kama mtu aliyeketi kando ya mgonjwa.

— Msumari, hiyo kahawa unakunywa ama niirudishe kwa birika? — Aluoch akauliza.

— Nakunywa, mathe.

— Na macho, mbona yako kwa kabati?

— Mwache, — Okeyo akasema. — Dem yake anaenda Kisumu kesho.

Ilikuwa kweli, na benchi zima lilijua. Wamucii, binti ya mzee Kinyanjui mwenye ploti Kawangware, alikuwa amepata kazi ya upishi katika hoteli moja kule ziwani. Jumatano jioni alimwambia Tonny habari hiyo, wakiwa wamesimama nje ya geti la baba yake. Tonny akasema, "Sawa." Kisha akageuka, akaja akanunua mbao.

— Sawa tu? — Kihara akauliza, ingawa hadithi hiyo alikuwa ameshaisikia.

— Sawa.

— Hata "ngoja kidogo"? Hata "kwa nini"?

— Nilisema sawa, Kawa. Unataka niiseme mara ngapi?

Okeyo alicheka hadi kahawa ikamwagika kidoleni.

— Hebu angalieni hii maneno. Wewe ni Mjaluo, umezaliwa hapa kwa reli, Kisumu unaijua ya matanga peke yake. Sasa Mkikuyu wa Kawangware ndio anahamia kwenu! Krismasi ikifika atakuwa anakutumia samaki na basi.

— Na hii kabati? — Aluoch akauliza.

— Ni yake. Ya kuweka vitu zake akirudi.

— Nani amesema anarudi?

Tonny akasema neno alilokuwa nalo tangu akiwa mtoto wa kaptura.

— Punda alisubiri.

Hakuna aliyeuliza ni punda gani. Walipokuwa wadogo, palikuwa na jumba la video hapo nyuma, mabati meusi na viti vya mbao. Kando ya televisheni aliketi mwanamume mmoja aliyevaa koti hata jua likichoma, kipaza sauti mkononi. Wakamwita Deejay Koti. Filamu za lugha zisizojulikana alizigeuza papo hapo kuwa maneno ya Kibera. Jumamosi asubuhi aliwawekea watoto katuni, na katuni moja waliiona mpaka wakaiota. Punda wa kuvuta maziwa, katika kijiji cha baridi, anaangukiwa na korongo aliyeumia bawa. Anambeba kwenye mkokoteni, kati ya mitungi ya maziwa, mpaka bawa linapona. Baridi kali inakuja. Korongo anaruka, anaenda zake. Punda anamkimbilia na mkokoteni wake, mitungi ikigongana, mpaka ukingoni mwa mto mkubwa. Na hapo diski ilikuwa na mkwaruzo. Picha iliganda: punda, mto, masikio juu. Deejay Koti alikuwa akizima televisheni na kuimalizia hadithi kwa mdomo, na watoto wakienda nyumbani wakiwa na hakika wameona mwisho.

— Punda hakusubiri, — Kihara akasema. — Punda alivuka.

— Hakuvuka! — Tonny akapinga. — Nilikuwa pale. Koti alisema alikaa hapo mtoni mpaka barafu ikayeyuka, na korongo akarudi, akatua kwa sikio lake.

— Koti wenu aliwapiga uongo. Sisi Kawangware tulikuwa na video yetu nyuma ya soko. Diski ilikuwa imekwaruzwa hivyo hivyo, lakini deejay wetu alikuwa amesoma, tulikuwa tunamwita Mwalimu. Alisema punda alifunga mitungi kando ya mkokoteni, ukawa mashua, akapiga kasia na mkia mpaka ng'ambo.

— Mkokoteni uwe mashua? — Okeyo akaweka kikombe chini.

— Ni katuni, Jaji! Punda anaongea, hiyo umekubali. Mkokoteni kuelea ndio unakataa?

— Nakataa kwa sababu mimi najua mwisho. Niliona kwa Koti, siku ingine. Bibi ya Koti alikuwa amemwacha hiyo wiki. Alisema korongo alifika ng'ambo, akaolewa na korongo mwenzake, harusi kubwa, na punda akarudi kwa maziwa yake. Watoto walilia hiyo hall yote. Tangu hiyo siku mimi sijawahi kimbiza mtu.

— Ndio maana unalala na viatu za watu, — Aluoch akamwambia.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Okeyo naye akacheka, lakini akakimaliza kicheko chake kabla ya wengine.

— Mimi niliwapeleka watoto wa Sunday school huko, — Aluoch akaendelea, akichochea makaa. — Na siku yangu, punda aliomba, na mto ukagawanyika.

— Mathe, huyo ni Musa! — Okeyo akapinga.

— Basi Musa na punda walitumia barabara moja. Kuna shida?

Tonny aliwatazama mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama mtu huwa anachagua maisha yake, au huwa anaishi mwisho aliosimuliwa siku ile. Kihara alikuwa amevuka na kupata mke. Okeyo alikuwa amerudi kwa maziwa. Yeye mwenyewe, tangu shule, alikuwa mtu wa kukaa ukingoni akiinua masikio. Alisubiri kazi imfuate, na ikamfuata. Alisubiri Wamucii amsemeshe, na siku moja Wamucii akaingia kibandani akitafuta kinu cha mbao, wakaongea mpaka jua likatua. Kusubiri hakujawahi kumwangusha.

— Sasa niwaambie kitu sijawahi ambia mtu, — Kihara akainama mbele, sauti chini. — Huyo korongo hakuwa ameumia bawa.

— Wacha!

— Nimefikiria hii kitu miaka. Alikuwa anaigiza. Ndege gani anaangukia mkokoteni, na uwanja wote uko wazi? Alikuwa anataka lifti.

— Imekubaliwa na korti, — Okeyo akasema. — Lakini ongeza hapo. Punda pia hakuwa anampenda. Alikuwa amechoka kuvuta maziwa, akatafuta sababu ya kutoroka kazi. Mapenzi mengi ni ya watu wamechoka na kazi.

— Na hicho kijiji? — Aluoch akauliza. — Nyinyi mnalilia punda, hakuna mtu anafikiria wenye maziwa. Watu wote walikunywa chai ya rangi hiyo asubuhi kwa sababu punda amependa!

— Hiyo sasa ni kesi ya jinai, — Okeyo akakubali.

— Tumwache punda, — Kihara akasema, akimgeukia Tonny. — Wewe, kesho ni kesho. Tafuta pikapu saa hii. Pakia kabati, peleka Kawangware, shukisha mbele ya geti ya Kinyanjui. Ifunge geti kabisa. Hakuna mtu atatoka huko.

— Na mzee akitaka kutoka?

— Aingie ndani ya kabati, atokee nyuma. Wewe ni fundi, weka mlango.

— Usimsikize, — Okeyo akasema. — Zima simu, uza kabati, anza maisha.

— Funga na uombe, — Aluoch akasema.

— Nitasubiri, — Tonny akasema. Lakini neno lilitoka jembamba, nalo halikuwa limewahi kutoka hivyo.

Ndipo Phanice akatokea. Alikuwa mpangaji mpya katika ploti ya nyuma, ametoka Vihiga majuzi, na alikuwa na chupa ya chai mkononi akitaka ijazwe kahawa. Akawasalimu, akalizunguka kabati, akafungua mlango wake mmoja na kuufunga taratibu, kama mtu anayejua vitu vizuri.

— Hii inauzwa?

— Haiuzwi, — wakajibu wanne kwa pamoja.

Kwa kuwa birika lilihitaji kuchemka tena, aliketi. Na kwa kuwa aliketi, ikabidi aelezwe. Tonny akampa punda anayesubiri. Kihara akampa mashua. Okeyo akampa harusi ya makorongo, akaongeza keki. Aluoch akampa mto uliogawanyika. Phanice alisikiliza zote, chupa magotini, bila kucheka mahali walipotaka acheke.

— Nimeelewa punda, — akasema. — Na korongo mwenyewe, alikuwa anataka nini?

Treni ya mizigo ikapiga honi upande wa Silanga. Bila kuambiana, kila mtu akainua kikombe kwa mkono mmoja na kushika benchi kwa mkono wa pili, kama walivyozoea, na Aluoch akalikumbatia birika kwa kitambaa. Behewa baada ya behewa likapita, ardhi ikitetemeka, vumbi likiingia machoni. Walikuwa na urefu wote wa treni ile kutafuta jibu.

Ilipopita, Okeyo akafungua kinywa.

— Korongo alikuwa anataka... — akasita. — Korti itarudi kwa hiyo.

— Alikuwa anataka joto, — Kihara akasema. — Si ni ndege? Ama... Ngoja. Mwalimu alisema... — Akakuna kichwa. — Mnajua Mwalimu hakuwahi mpatia sauti? Punda alikuwa anaongea kama mtu wa Kawangware kabisa. Korongo alikuwa anapatiwa tu "kwaa."

— Koti hata hiyo "kwaa" hakuwa anampatia, — Aluoch akasema polepole.

Tonny hakuwa akiwasikia tena. Alikuwa amerudi kwenye jumba la mabati meusi, amebanwa kati ya magoti ya watoto wengine, na aliiona picha waziwazi kuliko alivyowahi kuiona. Kabla ya kuruka, korongo anasimama ukingoni mwa mkokoteni. Anamwangalia punda. Anafungua mdomo, na mdomo unaenda, unaenda, kama mtu mwenye mengi ya kusema. Na Koti? Koti ameweka kipaza sauti chini. Hapo ndipo mahali alipokuwa akinywa chai yake, kila Jumamosi.

— Aliongea, — Tonny akasema.

— Nani?

— Korongo. Kabla ya kwenda. Aliongea sana. Koti alikuwa anakunywa chai.

Wakaikumbuka nao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatazama ndani ya kikombe chake.

Na Tonny akaliona geti pia, geti jeusi la mzee Kinyanjui, Jumatano jioni. Yeye amesema "sawa." Wamucii amevuta pumzi, amesema, "Tonny, na mimi nilikuwa nataka..." Lakini yeye alikuwa ameshageuka, kichwa kimejaa vipimo vya mbao. Kwa siku zote hizo alikuwa amejihesabia kwamba alimsikiliza, kwa sababu hakumpinga.

Akainuka. Akamaliza kahawa akiwa wima, ikiwa baridi, mashapo na yote, akamrudishia Aluoch kikombe.

— Unaenda wapi? — Kihara akauliza.

— Kawangware.

— Sasa hivi ndio umeongea! Ngoja nipigie msee wa pikapu.

— Sitaki pikapu. Nafuata reli mpaka Dagoretti, kutoka hapo ni karibu.

— Utaenda na mguu? Si umpigie simu?

— Nilimwacha kwa geti. Nitarudi kwa geti.

— Utamwambia asiende? — Okeyo akauliza, na safari hii hapakuwa na mzaha katika sauti yake.

— Siendi kumwambia kitu, Jaji. Naenda kumuuliza.

— Na mzee Kinyanjui akifungua?

— Nitamsalimia, nimwambie naomba kuongea na Wamucii.

— Na huyo Wamucii akisema anataka Kisumu, na wewe hakutaki?

Tonny alifikiri. Aluoch alimwona akifikiri, akashika kifuniko cha birika bila kukiinua.

— Basi nitakuwa nimeskia na masikio yangu, — akasema. — Na akisema anataka Kisumu na ananitaka, huko pia watu wanalalia vitanda. Msumeno unabebeka.

Akafungia kibanda, akaijaribu kufuli, akapanda tuta la reli. Suruali yake ya kanisa ilikuwa na vumbi la treni mpaka magotini, na hakuipangusa. Nyuma yake alisikia Aluoch akiinamisha birika juu ya chupa ya Phanice, tone, tone, kisha kimya.

— Imeisha, — Aluoch akasema.

— Si tulikuwa bado tunaongea? — Okeyo akalalamika.

— Ongeeni na maji.

Tonny alikuwa ameshapiga hatua kubwa kati ya mataruma aliposikia Phanice akimwita kwa sauti ya mtu asiyependa kuona kitu kizuri kikiharibika.

— Fundi! Na hii kabati umeacha nje?

Hakusimama. Aligeuza kichwa tu.

— Kabati ndio isubiri!